Nimetumwa Mkutano Mkuu wa kanisa, na wazee wamenipa karatasi ya jinsi ya kupiga kura

Bwana asifiwe, Mama.

Mimi ni mwanamke, mzee wa kanisa katika PCEA (Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki), huku Nyandarua. Tangu niwekewe mikono nimeitumikia wilaya yangu, yaani nyumba za washiriki nilizokabidhiwa, kimyakimya: kutembelea wagonjwa, kuandaa ibada za nyumbani, kukumbusha watu ahadi zao kwa kanisa. Kazi yangu ya kila siku ni kilimo cha viazi na ng'ombe wawili wa maziwa. Nakueleza haya ujue kwamba sijazoea majukwaa.

Mwaka huu, kati ya wazee wanaotumwa na presbitari yetu (baraza linalounganisha parishi za eneo letu) kwenda Mkutano Mkuu wa kanisa jijini Nairobi, jina moja limetoka kwetu, nalo ni langu. Nilifurahi hadi nikalia. Furaha yenyewe haikukaa.

Jambo linalotuchoma huku ni pendekezo la kuigawa presbitari yetu ziwe mbili. Kanisa letu liko mpakani, na pendekezo likipita tutahamia presbitari mpya ya upande wa bondeni. Wazee wengi wa kwetu hawataki hata kulisikia. Wanasema ukumbi wa presbitari ulioko mjini ulijengwa kwa jasho letu, tulichanga kuanzia msingi hadi mabati, na sasa tunaambiwa twende tukaanze upya mahali pasipo hata choo. Lakini akina mama wa Woman's Guild, umoja wa wanawake wa kanisa, hasa wa makanisa ya chini, wamekuwa wakinishika mkono mmoja mmoja. Kwao kwenda mkutano wa presbitari ni kupanda boda boda kisha matatu mbili, na nauli ya kwenda na kurudi inafika shilingi 700. Mvua ikinyesha barabara inakatika, wanalala njiani kwa watu wasiowajua. Mmoja aliniambia tu, "Mzee, utukumbuke."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wa siku nyingi aliniita kwenye chumba cha wazee. Amewahi kwenda Mkutano Mkuu, na nadhani alitarajia kwenda tena. Nilimkuta na wengine wawili. Akanipa karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mistari. Imeandikwa mambo matatu kwa wino wa buluu, na mbele ya kila moja kuna jibu. Kugawa presbitari: HAPANA. Kuongeza mgao unaopelekwa makao makuu: HAPANA. La tatu ni jina la mtu wa kumpigia kura nafasi ya uchaguzi ikitokea. Chini wamegonga muhuri wa kanisa. Nikaambiwa nitie sahihi kuonyesha nimeipokea. Niliposita akaniambia kwa upole, "Mama, kanisa ndilo limekuchangia nauli. Huendi kwa niaba yako." Nikatia sahihi.

Ni kweli walinichangia. Kulitolewa sadaka maalum, na hata watoto wa shule ya Jumapili walileta shilingi kumi kumi. Nikiikumbuka hiyo sadaka naona haya kuwaza kwenda kinyume.

Kuna na mengine. Niliishia kidato cha nne. Kiingereza nakisoma, lakini nikisimama mbele ya watu kinanipotea. Kitabu cha ripoti cha mkutano uliopita nilikiona kwa mchungaji, nikaona unene wake tu nikakirudisha mezani. Tena vijana wamefungua kikundi cha WhatsApp "ili utupashe kila kitu moja kwa moja kutoka ukumbini". Mchungaji sijamwambia habari ya karatasi, kwa kuwa sijui kama anaijua.

Naomba unisaidie. Je, nimefungwa na karatasi hii? Nikifika, nikasikiliza, nikaona ukweli uko upande mwingine, nitawaangaliaje watu wangu nikirudi? Na mtu kama mimi anasimama vipi kuzungumza pale?

Mzee Mama, Nyandarua

* * *

Amina, mzee mwenzangu. Bwana asifiwe tena.

Nianze na linalokunyima usingizi. Hufungwi na karatasi hiyo. Muhuri wa kanisa hauigeuzi kuwa sheria, na sahihi yako inaonyesha kwamba uliipokea, basi. Nenda ukalale. Kisha kesho usome haya mengine polepole, kwa sababu kutofungwa na karatasi kunakuongezea kazi, hakukupunguzii.

Sisi Wapresbiteri tuna namna yetu ya kuliongoza kanisa, na kiini chake kiko kwenye neno lililoandikwa katika kiapo chako: mzee. Hatuna askofu anayeamua peke yake, wala hatuhesabu mikono ya washiriki wote nchini kwa kila jambo. Tuna mabaraza, moja juu ya jingine. Kuna baraza la wazee, kuna presbitari, na juu kabisa Mkutano Mkuu, ambao katika PCEA hukutana kila baada ya miaka mitatu. Katika mabaraza hayo wachungaji na wazee huketi pamoja. Uskoti walianza hivyo mwaka 1560, wamisionari wao wakafika na utaratibu huo Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na kutoka hapo Thogoto, Tumutumu na Chogoria vikawa vituo ambavyo sote tunavijua. Mabaraza haya tangu zamani yameitwa mahakama za kanisa. Anayeketi mahakamani hawezi kuingia na hukumu mfukoni kabla ya mashahidi kusema.

Ndiyo maana mjumbe wa Mkutano Mkuu anatumwa na watu lakini kura yake hatumwi nayo. Wapresbiteri wa Marekani wameliandika hilo waziwazi katika katiba ya kanisa lao: wazee na wachungaji hawaendi barazani kuakisi tu matakwa ya watu, wanaenda kuyatafuta pamoja mapenzi ya Kristo na kuyawakilisha. Huku kwetu, mwombe karani wa baraza lako akuazime kitabu cha kanuni na taratibu za kanisa, usome mwenyewe sehemu ya Mkutano Mkuu kabla hujaongea na mtu yeyote. Mzee aliyesoma kanuni huongea kwa sauti ya chini na bado akasikika.

Lakini hebu tuiangalie karatasi yenyewe, maana ina tatizo lingine ambalo hata waliokuandikia hawajaliona. Imeandikwa "kugawa presbitari: HAPANA" kana kwamba utaulizwa swali hilo, ujibu ndiyo au hapana, ukae. Mambo hayaendi hivyo. Pendekezo likifika mezani, mjumbe mmoja anaweza kusimama akasema presbitari igawanywe lakini baada ya mwaka mmoja. Mwingine atasema mpaka usogezwe, makanisa fulani yabaki yalipo. Wa tatu atataka lirudishwe kwa kamati ikachunguze zaidi mambo ya fedha. Kila marekebisho yakiungwa mkono hujadiliwa na kupigiwa kura kabla ya hoja yenyewe. Utakapofika wakati wa kuinua mkono, swali lililo mbele yako huenda likawa jipya kabisa, ambalo hakuna mtu Nyandarua aliyelisikia. Je, "HAPANA" ya karatasi ni ya swali lipi? Tuseme ikipendekezwa kwamba ukumbi wa mjini utumiwe na presbitari zote mbili kwa miaka kadhaa hadi ile mpya isimame. Pengine wazee wako wangelipokea hilo kwa mikono miwili, na karatasi yao inakuagiza ulipinge.

Kama baraza lenu lina msimamo kuhusu mgawanyo, na lina haki kamili kuwa nao, njia yake ipo. Baraza la wazee huandika hoja yake, ikapita presbitari, ikafika juu ikiwa imejadiliwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Huko kila mtu anaiona na anaweza kuijibu. Uliza: je, kikao chenu kiliketi kikaamua mambo hayo matatu? Yako kwenye kumbukumbu? Nikisoma barua yako naona wazee watatu, chumba kimoja na karatasi ya daftari. Kama baraza halikuketi, basi muhuri umetumika kwa jambo ambalo baraza halijaliamua, na hilo ni zito kuliko kura yako.

Hata hivyo nakuomba usilifanye hili kuwa vita. Huyo mzee wa siku nyingi ana uchungu wa kweli. Watu wa rika lake walibeba mawe ya ukumbi huo mabegani, wakauza ndama ili kupata mabati. Anapoona mpaka mpya unachorwa, anaona kazi ya ujana wake ikikabidhiwa wengine. Kabla ya kurudisha karatasi, nenda kwake nyumbani, siku ya kawaida, na kilo mbili za sukari kama adabu yetu inavyotaka. Mwambie akusimulie jinsi ukumbi ulivyojengwa. Sikiliza hadi mwisho. Ndipo umwambie, kwa maneno yako mwenyewe, kitu kama hiki: "Mzee, nimekusikia, na haya uliyonieleza nitayabeba hadi Nairobi. Nikipewa nafasi nitayasema mbele ya Mkutano ili yasikike. Lakini kura siwezi kuahidi kabla sijasikia wengine, kwa sababu nitakuwa nimewaahidi watu na Mungu vitu viwili."

Kisha karatasi irudi kwenye kikao cha baraza zima, mchungaji akiwa kitini. Usimrudishie mtu mmoja pembeni, wala usiichane. Iweke mezani, useme ulipewa, ulitia sahihi ya kuipokea, na sasa unaomba baraza likuombee na likueleze yaliyo moyoni mwake kuhusu kila jambo. Utashangaa. Katika chumba chenye wazee wote, mara nyingi hutokea kwamba lile "HAPANA" la watu watatu lina "labda" nyingi ndani yake.

Sasa nauli. Hili limekugusa kuliko yote, nimeliona, na naliheshimu. Shilingi kumi ya mtoto wa shule ya Jumapili ni kitu kitakatifu. Lakini hebu tukumbuke kanisa letu lilitoka wapi. Mwaka 1971, huko Milwaukee nchini Marekani, John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa PCEA, alisimama mbele ya Wakristo wa huko akawaomba wasitishe kutuma wamisionari na fedha Afrika kwa muda usiopungua miaka mitano. Wengi walistuka, wengine wakakasirika. Alitaka kanisa la Afrika lipate kujua akili yake lenyewe, kwa kuwa anayepokea kila kitu kwa mkono wa mwenzake huishia kufikiri anavyofikiri mwenzake. Neno Jitegemea, ambalo kila mshiriki wa PCEA amelisikia, lina uzito huo. Kanisa lililokataa fedha za ng'ambo zinunue dhamiri yake haliwezi kutumia sadaka maalum kununua dhamiri ya mzee wake. Walikuchangia nauli, chakula na malazi. Mtoto aliyeleta shilingi kumi alitaka Mama wa kanisa lake afike salama na asikike. Ukimheshimu mtoto huyo utarudi na maelezo ya kweli, na hilo ndilo deni lako kwake.

Nimesema una kazi, na hii ndiyo kubwa zaidi. Kabla ya kusafiri, jua habari ya mgawanyo huu kuliko mtu yeyote atakayeingia ukumbini. Usiridhike na maneno ya pande mbili. Panda boda boda hiyo wewe mwenyewe, pamoja na mmoja wa akina mama wa bondeni, siku ya mkutano wa presbitari kama bado kuna mmoja kabla ya safari. Shuka pale wanaposhukia. Ona daraja ambalo maji hulifunika. Andika saa mlizotoka na mlizofika. Ukisema Nairobi kwamba "akina mama wanapata shida", wajumbe watatikisa vichwa na kusahau kabla ya chai. Ukisema ulitoka na mama fulani saa kumi na moja alfajiri mkafika saa nne, na kwamba mwezi wa Aprili daraja likifunikwa hakuna njia, kamati nzima itaandika.

Upande wa pili nao uchunguzwe kwa ukali uleule. Presbitari mpya ni jina zuri, lakini ni nani ataibeba? Uliza ni parishi ngapi zitakuwa upande wa bondeni, na ni ngapi kati ya hizo zinalipa mgao wao bila kudaiwa. Uliza wachungaji wangapi watabaki kila upande, maana kuna mahali mchungaji mmoja anazungushwa kwenye makanisa mengi hadi ubatizo unangoja miezi. Ofisi ya presbitari inahitaji karani, umeme, gari au angalau pesa za mafuta. Kuna mkopo wowote wa presbitari ya sasa ambao haujamalizika? Utagawanywa vipi? Miradi ya pamoja, kama kuna shule au nyumba za kupangisha, mapato yataenda wapi? Na kuhusu ukumbi unaowaumiza wazee wako, kumbuka kwamba mali za kanisa letu kwa kawaida zimeandikishwa chini ya wadhamini wa kanisa zima, Presbyterian Foundation. Kwa hiyo swali la maana ni la matumizi: nani ataruhusiwa kuutumia, na kwa masharti gani. Hilo ni jambo la kuombwa waziwazi ndani ya hoja, liandikwe. Mtu mmoja akiliuliza mapema linaweza kuokoa miaka ya chuki kati ya makanisa jirani.

Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu nimeona mabaraza mengi yakigawanywa kwa shangwe, na baadaye upande mmoja ukashindwa kulipa hata karani wake. Na nimeona upande wa pili pia: watu wakinyimwa mgawanyo kwa sababu wenye ukumbi hawakutaka kuachilia, hadi akina mama wakaacha kuja. Yote mawili huumiza mwili wa Kristo. Mjumbe mwenye majibu ya maswali haya, hata kama ni mkulima wa viazi, ana thamani kuliko mwenye digrii aliyefungua ripoti akiwa ndani ya matatu.

Kitabu cha ripoti cha mkutano huu kisikutishe. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho wa kila ripoti, pale kamati inapoandika mapendekezo yake ya uamuzi, kwa kuwa hayo ndiyo mtakayopigia kura. Ukiona pendekezo linalogusa watu wako, rudi nyuma usome maelezo yake. Mengine yapite. Soma na penseli, weka alama ya kuuliza pembeni. Fedha ziangalie mwisho, ukiwa umetulia, na linganisha mwaka huu na uliopita. Kwa habari ya mgao wa makao makuu, soma utaenda kufanya nini kabla hujasema ni mwingi. Ukikwama kwenye Kiingereza, kaa na mchungaji wako au na kijana aliyesoma, jioni mbili tatu. Kwa njia hiyo utampa mchungaji nafasi ya kuzungumza nawe, na habari ya karatasi itatoka yenyewe.

Siku ya mjadala, ukitaka kusema, unainua mkono, unangoja Moderata, anayeongoza mkutano, akuite, unataja jina lako na presbitari yako, na unazungumza ukimwelekea Moderata. Humjibu mjumbe mwenzako hata kama amekuchokoza. Zungumza Kiswahili. Ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa katiba ya mwaka 2010, na humo ndani kuna wachungaji wenye digrii wanaoomba kwa Kiswahili wakiwa na shida. Andika sentensi yako ya kwanza kwenye karatasi na uisome kama ilivyo, maana ikishatoka nyingine hufuata. Sema jambo moja tu. Kwa mfano: "Mheshimiwa Moderata, natoka kanisa lililo mpakani. Wazee wetu walijenga ukumbi wa mjini na wanaogopa kuupoteza. Mama zetu wa bondeni hulala njiani wakija mkutanoni. Naomba pendekezo liseme wazi ukumbi utatumiwaje, kisha ndipo tupige kura." Hapo umewabeba wote wawili, na hujamsaliti mtu. Kaa chini.

Ukipiga kura ukajikuta upande ulioshindwa, na dhamiri yako inakusumbua kweli, desturi ya mabaraza ya Kipresbiteri inakuruhusu kuomba upinzani wako uandikwe kwenye kumbukumbu. Usiitumie haki hiyo kwa hasira.

Kuhusu lile jina la tatu kwenye karatasi sina maneno mengi. Kura ya kuchagua viongozi ni yako na Mungu. Wakati wa chai kutakuwa na watu wa kukushika kiwiko na kukunong'oneza majina. Wasikilize kwa heshima, na bahasha usiishike hata ikiitwa ya nauli. Mtu akitajwa, uliza alifanya nini alikotoka.

Usisahau kwamba unasimama mahali ambapo wanawake wengine walifungua njia kwa machozi. Nyambura Njoroge aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa PCEA mwaka 1982, wa kwanza kati ya wanawake, na hao wachungaji wanawake utakaowaona ukumbini wamepita mlango aliouingia yeye. Mzee aliyekuita "Mama" alipokuwa akikupa karatasi, barazani wewe ni mzee kama yeye, kwa kiapo kilekile.

Kikundi cha WhatsApp: waambie vijana mapema kwamba utawatumia salamu asubuhi na jioni, na mambo mnayohitaji kuombewa. Mjadala hutautuma. Saa nne jambo linaonekana limepita, saa sita limerudishwa kwa kamati, na huku nyumbani watu wameshaanza kupigana kwa habari ya saa nne. Uamuzi utakapotangazwa rasmi utawapata.

Beba sweta, beba dawa zako kama unatumia, na lala mapema. Vikao ni virefu.

Halafu kurudi, ambako unaogopa. Soma Matendo ya Mitume sura ya 15 kabla hujaondoka, kisha uisome tena ukiwa njiani kurudi. Kanisa la Antiokia lilikuwa na ugomvi mkubwa, likawatuma Paulo na Barnaba na wengine Yerusalemu. Huko walihojiana kwa muda mrefu, hadi wakafikia neno moja. Walipoliandika kwenye barua, hawakuituma barua peke yake: waliwatuma Yuda na Sila waeleze mambo yaleyale kwa vinywa vyao. Walijua barua peke yake ingeweza kusomwa kwa hasira. Huyo Yuda na Sila ndiye wewe siku ya kurudi.

Andika ukurasa mmoja. Anza na baraza la wazee, kisha washiriki baada ya ibada. Eleza kila upande ulisema nini, na hasa ueleze vizuri upande ambao hukuupigia kura, kwa namna ambayo mwenye upande huo akikusikia ataitikia kwa kichwa. Kama kura ilikuwa ya kuinua mkono, sema ulipiga vipi na kwa nini, kwa sentensi mbili. Kama ilikuwa ya siri hulazimiki, lakini kwa suala la presbitari mimi nakushauri useme, maana watu wako wanaishi na matokeo yake, na mzee anayeeleza sababu zake huaminiwa hata na aliyetofautiana naye. Usiseme "wameamua". Sema "tuliamua", hata kama ulishindwa, kwa sababu ulikuwa ndani ya baraza lililoamua.

Mzee wa siku nyingi atakasirika, inawezekana. Mwache akasirike. Wiki inayofuata nenda tena kwake, kabla hajaitwa na wengine, umweleze peke yake ulivyousema ule uchungu wake wa ukumbi mbele ya Mkutano, kwa maneno yake mwenyewe. Kama umeusema kweli, atajua.

Kwa sasa fanya jambo moja kabla ya Jumapili. Mpigie simu karani wa baraza, mwombe aingize kwenye ajenda ya kikao kijacho: "Maandalizi ya mjumbe wa Mkutano Mkuu." Usieleze zaidi kwenye simu. Karatasi iweke ndani ya Biblia yako, na siku hiyo uende nayo.